Tulivyoandika Akili ya Mama Nyangi Kwenye Karatasi za Saruji

Nyie vijana mnaosomea kompyuta, kila mkinitembelea hamkosi kuniuliza: "Babu, kompyuta za zamani zilikuwaje?" Mnakosea mlango. Miaka yangu ya kwanza katika kazi ya kompyuta sikuiona kompyuta hata moja. Niliona ng'ombe. Niliona ng'ombe wenye mitoki iliyovimba shingoni, ng'ombe wanaochechemea, ng'ombe waliolala wakakataa kuamka, na wenyewe wamesimama pembeni wananitazama kama vile nimekuja na jibu mfukoni. Mfukoni nilikuwa na penseli.

Jina langu ni Marwa. Nilimaliza darasa la saba, nikapelekwa mafunzo mafupi, nikawa mhudumu wa josho, pale ng'ombe wanapoogeshwa dawa ya kupe, huku Tarime. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, miaka ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, na dawa ya josho ilipokosekana hata foleni haikuwepo. Mimi sikuwa na huzuni. Nilikuwa kijana wa kuota ndoto mchana, tena macho wazi. Kwenye daftari la josho, badala ya kuandika tu tarehe na jina la mwenye mifugo, nilikuwa naandika maneno mengi yasiyotakiwa.

Daftari hilo ndilo lililonipatia kazi. Siku moja alikuja mama mmoja kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam, amevaa raba za bluu na amefunga kitambaa kichwani. Aliitwa Tekla. Akakaa juu ya ukuta wa josho akalisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa kama mtu anayesoma barua ya nyumbani.

"Wewe ndiye Marwa?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Hapa umeandika, 'Ng'ombe huyu ana huzuni.' Huzuni ya ng'ombe unaipimaje?"

Nikaona nimekwisha. Nikajibu tu. "Masikio, Mama. Yanaanguka. Halafu ukimjia kwa nyuma hageuki kukuangalia. Ng'ombe mzima lazima ageuke, ni mmbea sana."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kesho njoo kazini kwangu," akasema. "Na usiniite Mama, sijazeeka. Niite Dada."

Kazi yenyewe alinieleza hivi. Wataalamu wa mifugo ni wachache, vijiji ni vingi. Lakini vijijini kuna watu wanaojua, ila kila mmoja anajua peke yake, na akifa anaondoka na ujuzi wake. Sasa huko duniani kuna mashine ambayo ukiilisha akili ya mtu anayejua, inaweza kumuuliza maswali mtu asiyejua, ikamwongoza mpaka kwenye jibu. Mashine iko Dar es Salaam, kwenye chumba chenye baridi. Lakini mashine haili maneno matupu. Inataka akili iliyochorwa. Sisi ndio wachoraji.

"Shamba la pamoja magugu yametushinda," Dada Tekla alisema. "Tujaribu akili ya pamoja."

Sijui kama mnaelewa neno lile lilivyoniingia. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa naona watu wa kijiji kisicho na mtaalamu hata mmoja, wamekaa mbele ya mashine, na mashine inawaambia maneno ya mtu wa kwetu. Mpaka leo mkiona nimenyamaza barazani, mara nyingi nipo huko.

Haya, tuje kwenye ufundi, maana najua ndicho mnachotaka.

Karatasi hazikuwepo. Tulipata mifuko mitupu ya saruji kwenye jengo la shule lililokuwa linajengwa kwa kujitolea. Tulikung'uta, tukachana yale matabaka, la ndani likawa safi kabisa, la rangi ya kahawia. Tukakata kadi. Nilikohoa saruji mwezi mzima. Harufu ile, nikipita leo penye ujenzi, nasimama kidogo. Mafundi wanadhani nataka kazi.

Kosa langu la kwanza nililifanya ndani ya wiki. Nilikwenda kwa wafugaji, kila walichosema nikakiandika kwa mtindo wa KAMA na BASI. Kama ana mitoki, basi ni ndigana. Kama anazunguka, basi ni moyo-maji. Kama kinyesi ni kikavu, basi ni ndigana baridi. Yote magonjwa ya kupe. Kikapu kikajaa. Nikampelekea Dada Tekla kwa kujidai, nikijua atanisifu.

Alizisoma zote, akazimwaga chini. "Mgonjwa huyu hapa," akasema, akaweka jiwe katikati. "Anza. Unaanza na kadi ipi?"

Nikatazama kadi. Nikatazama jiwe.

"Unaona? Umeniletea kamusi. Mtu hawezi kusafiri kwa kamusi."

Hapo akanifundisha michoro mitatu, na kama mtatoka hapa na jambo moja la kazi, basi liwe hili. Mchoro wa kwanza ni wa vitu: ng'ombe, kupe, mtoki, maziwa, majani, na nini ni cha nani. Mchoro wa pili ni mwendo wa akili: kutazama, kushuku, kuuliza, kukataa, kukubali. Wa tatu ni utaratibu wa kazi: unaanza na nini, unaacha lini. Usiichanganye. Ukiichanganya, siku mmoja ukibadilika lazima ubomoe nyumba nzima. Siku hizi nyie mna majina makubwa ya mambo haya na michoro yenu inapendeza kwenye kioo. Sisi tulichora kwa mkaa: vitu kwenye visanduku, mawazo kwenye duara, utaratibu kwa mishale.

Mchoro wa pili ulinisumbua. Nilishindwa kuchora wazo lisilo na ng'ombe ndani yake. Dada Tekla akanishika mkono akanipeleka kwa fundi baiskeli mjini Tarime. Tukakaa kwenye benchi tukamtazama akitafuta pancha. Aliiminya tairi, akashuku, akajaza tyubu upepo, akaizamisha kwenye beseni la maji, akaizungusha mpaka mapovu yakatoka.

"Chora alichofanya," akaniambia, "ila usiandike baiskeli, tyubu wala maji."

Nikachora. Alipoweka mchoro wangu karibu na ule aliouchora yeye wa mfugaji anayetafuta ugonjwa, ilikuwa picha moja. Nikaruka kwenye benchi. Fundi akauliza, "Vipi mura," ndivyo tunavyomwita kijana kwetu, "umeumwa na siafu?" Nikamwambia, "Fundi, wewe ni daktari wa mifugo!" Akanijibu, "Basi nilipe kama daktari."

Huko Natta nilikutana na jamaa mmoja ambaye kila swali alijibu "inategemea." Ng'ombe akikohoa? Inategemea. Akiacha majani? Inategemea. Nilirudi nimekasirika, nikasema mtu yule hajui kitu. Dada Tekla akanirudisha Natta kwa lori la pamba, siku nzima ya vumbi, nikamwulize neno moja tu: "Inategemea nini?" Yule jamaa alizungumza kutoka asubuhi mpaka ng'ombe wakarudi. Vijana, mtu akikuambia inategemea, amekufungulia mlango. Wewe ndiye unayesimama nje.

Na Issenye nilijifunza kuficha karatasi. Nilikaa mbele ya mzee wa watu na kadi zangu mkononi, naye akaanza kujibu kama yuko barazani kwa mashtaka. "Mimi mifugo sina. Hawa mnaowaona ni wa shemeji." Alidhani natoka ofisi ya kijiji kuandikisha idadi. Na kwetu sote kule, Wakurya kwa Wanatta kwa Waikoma, mwenye ng'ombe hasemi idadi. Hata sisi wenyewe hatuulizi. Ukimwuliza mtu ana ng'ombe wangapi ni kama umemtakia wapungue. Nilicheka sana nilipomsimulia Dada Tekla habari ya shemeji. Yeye hakucheka. Aliuliza, "Na kwenye kadi zetu, swali la idadi umeliwekaje?" Nikasema lipo, usijali. Lilikuwepo kweli. Kadi ilisema: *Wangapi wanaumwa?* Maana ugonjwa wa kupe unaweza kumshika mmoja, lakini ugonjwa wa kuambukiza hautembei peke yake. Kwenye kadi lilikaa vizuri. Mdomoni mwangu ndimo halikukaa.

Sasa niwaambie habari za Mama Nyangi wa Gorong'a.

Alikuwa mjane, amepita miaka hamsini, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe hata anapoomba chumvi. Wafugaji wanaume walikuwa wanakuja kwake kwa siri, wasionekane wanamwuliza mwanamke. Kati ya watu wote niliowachora, yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Nilikaa naye miezi. Nilikuwa nafika na baiskeli, nasema shikamoo, naye anasema, "Marahaba, mura. Umekuja kuniibia tena?" Halafu ananipa kibuyu cha maziwa kabla sijakaa. Ukikataa maziwa ya Mama Nyangi, hakuambii kitu siku hiyo.

Alinisahihisha bila huruma. Nikimsomea kadi, anasema: "Nani amesema hivyo?"

"Wewe, Mama. Juzi."

"Basi juzi nilikuwa mjinga. Futa."

Na michoro aliielewa kuliko mimi. Hakujua kusoma, lakini visanduku na mishale aliifuata kwa kidole. "Hapa umenirusha," alikuwa anasema. "Mimi siangalii mdomo kabla ya macho. Rudisha mshale wako nyuma." Ulifika wakati akaijua njia yote ya kadi kwa kichwa, kila swali na pale linapokupeleka ukijibu hivi au vile. Kumbukeni hilo.

Alikuwa na jambo lake moja moyoni. Hakuwa amejaliwa mtoto wa kiume. Mabinti zake waliolewa, wakaenda. Kwetu mwanamke wa namna hiyo anaruhusiwa kuoa: anatoa ng'ombe, anamleta binti nyumbani kwake, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake, wanabeba jina lake. Tunaita nyumba ntobhu. Mama Nyangi alikuwa amekusanya ng'ombe wake miaka na miaka, ndama kwa ndama. Binti alishapatikana ng'ambo ya mto, anaitwa Robi, mchangamfu, mwenye kicheko, ameshawahi kuja mara mbili kumsaidia palizi. Walipatana. Mama Nyangi aliniambia, huku akijifanya anakoroga uji, "Nikimleta Robi, nyumba hii itaitwa kwa jina langu hata nikiwa chini ya udongo." Wazazi wa Robi walikuwa wamesema wanangoja ng'ombe wafike kabla ya mavuno. Kulikuwa na mwingine anayemtaka binti yao, naye ng'ombe wake wako tayari.

Wakati huo huo kadi zetu zikaingia kwenye majaribio. Bwana Mifugo wa kata alikubaliana na Dada Tekla hivi: mtu akitaka kibali cha kusafirisha ng'ombe, mimi nikapime kwa kadi, niandike jibu, na yeye alinganishe na anavyojua. Nilijiona daktari. Nilipiga pasi shati kwa pasi ya mkaa.

Mama Nyangi akaomba kibali. Siku ya tatu yake ng'ombe walikuwa wavuke mto kwenda kwa akina Robi.

Nilifika asubuhi. Alinipeleka moja kwa moja kwa mtamba mmoja aliyefungwa pembeni ya nyumba, masikio chini, macho yanatoka machozi. "Huyu ndiye anayeumwa," akasema. Nikampima. Mtoki chini ya sikio, mkubwa kama limau. Joto. Kupe wamejaa masikioni. Kadi baada ya kadi ikanyooka kama barabara. Nikafika kwenye ile ya *Wangapi wanaumwa?*

Nikaitazama. Nikamtazama Mama Nyangi. Nikasema, "Ni huyu?"

"Si unamwona? Huyu."

Nikaandika: mmoja. Kadi ikasema ndigana kali, atengwe peke yake, wengine wanaweza kusafiri. Tukanywa chai ya rangi, isiyo na sukari, nikamsifu mtamba wake, nikapanda baiskeli nikiimba.

Jioni ile Dada Tekla alikuwa anasoma daftari langu. Sheria yake ilikuwa niandike kila kitu cha siku, hata nilichokula, na mimi, mnanijua, sikuhitaji kulazimishwa kuandika mengi. Akafika mahali akarudi nyuma mistari miwili.

"Marwa. Umekunywa chai ya rangi kwa Mama Nyangi?"

"Ndiyo, Dada. Sukari imeadimika kila mahali."

"Siulizi sukari. Maziwa yako wapi?"

"Si ng'ombe anaumwa."

"Anayeumwa ni nani?"

"Mtamba."

Akaweka daftari chini taratibu. "Mtamba hajazaa. Mtamba hakamuliwi. Sasa niambie, maziwa ya nyumba ile yameenda wapi?"

Vijana, mimi nimefundishwa na walimu wengi baadaye, wengine kutoka ng'ambo. Sijawahi kufundishwa tena kwa maneno machache kama yale. Kadi zilikuwa zimesema kweli juu ya mtamba, na uongo juu ya zizi. Na aliyeziongoza ni mtu aliyezijua kuliko wote. Alijua swali la idadi litakuja, na alijua mimi, mtoto wa Kikurya, sitaliuliza.

"Nimwambie Bwana Mifugo asitoe kibali?" nikauliza.

"Kibali ameshatoa mchana. Nenda kwa mwenye ng'ombe kwanza," alisema Dada Tekla. "Ukienda na mkuu wa kijiji, utapata jibu la mkuu wa kijiji."

Kulipokucha nilikuwa barabarani. Nilikuta ng'ombe bado zizini, jua limeshapanda. Sikuingia. Nilisimama nje ya miiba nikasikia: ng'ombe walikuwa wanapiga midomo, chwa, chwa, chwa, kama watu wanaoonja mchuzi wa moto. Mmoja alikuwa anarusha mguu, anaukung'uta. Ute unaning'inia. Ugonjwa wa miguu na midomo. Hata mwanafunzi angejua.

Mama Nyangi alitoka ndani na kibuyu mkononi, kitupu. Tukatazamana.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Hakuniita mwizi. "Umesahau kitu?"

Nilikuwa nimepanga maneno njiani yote. Yote yalipotea. Nikakaa chini, pale pale kwenye mavi makavu, na shati langu la pasi, nikatoa kadi. "Mama, jana nilikosea kazi. Naomba tuanze upya."

"Ugonjwa huu hauui," akasema kwa haraka. "Unajua hauui. Wiki mbili tatu wanapona. Mimi mwenyewe nilikuambia hivyo, ukaandika."

"Niliandika. Wewe pia ulisema ndama wanakufa nao. Huko ng'ambo kwa akina Robi ndama wapo?"

Akageukia zizi. Kisha akasema, si kwa hasira: "Mura, wewe umezaliwa mwanamume. Jina lako lipo tu, hata ukilala. La kwangu lazima nilinunue kwa hawa. Nikiwafungia hapa, Robi anaondoka. Miaka yangu yote imesimama kwenye zizi hili, unaniambia nini?"

Nililia, naomba msicheke. Nilikuwa kijana, na nilimpenda mama yule kama wangu. Nikasema, "Mama, sikuja kukuhesabia. Siwezi kuuliza wangapi. Nitajie majina tu ya wale ambao leo hawakutoa maziwa."

Sijui swali lile nililitoa wapi. Sikulitoa kwenye mafunzo. Ila kutaja jina la ng'ombe si kumhesabu. Jina ni heshima, kila ng'ombe kwake alikuwa na lake. Aliweka kibuyu chini. Angeweza kutaja jina moja. Angeweza kunifukuza, na mimi ningeondoka, na kibali alikuwa nacho ndani ya nyumba.

Akaanza kutaja. Aliyekuja na mahari ya binti yake mkubwa. Mwekundu mwenye kovu. Yule mkorofi wa kuvunja ua. Alitaja taratibu, na kila jina alimtazama mwenyewe zizini, na kila jina niliandika kwenye kadi ya saruji, mstari baada ya mstari. Sikuhesabu. Hakukuwa na haja, kadi ilijaa.

"Haya," akasema. "Njia yako inakwenda wapi sasa?"

"Mama, unajua inakokwenda."

"Soma."

Nikasoma: "Funga zizi. Mnyama asitoke wala asiingie. Wanaochota maji wachote upande mwingine. Majirani waambiwe leo hii."

"Nani amesema hivyo?"

"Wewe, Mama."

Nilingoja aseme nifute. Hakusema. Aliingia ndani, akatoka na karatasi ya kibali, akanipa.

Ng'ambo nilikwenda mimi mwenyewe kuwaeleza wazazi wa Robi. Walinisikiliza kwa adabu, wakasema watafikiri. Robi alinisindikiza mpaka mtoni, hakucheka hata mara moja, akauliza tu, "Yeye mwenyewe ndiye amesema wanaumwa?" Nikamwambia amesema. Akaitikia kwa kichwa. Karantini ilipoondolewa ng'ombe wote wa Mama Nyangi walikuwa wamepona, wamenenepa kwa kukaa. Mahindi yalikuwa yameshavunwa. Robi alikuwa ameshaolewa kwingine.

Nilidhani Mama Nyangi hatanipokea tena. Nilipita nyumbani kwake mara tatu nisisimame. Mara ya nne aliniita kwa ile sauti yake, watu wa vilima viwili wakageuka.

"Mura! Unapita kama mgeni? Leta kadi zako, kuna kitu hatukuandika."

Nilikaa. Maziwa yalikuwepo. Akasubiri ninywe, halafu akasema: "Andika hivi. Swali la wangapi, toa. Weka: nitajie majina ya ambao leo hawakutoa maziwa. Kuhesabu iachie hiyo mashine yenu, ihesabu yenyewe, tumboni mwake, asiisikie mtu."

Nikaandika. Dada Tekla alipoisoma alisema ndiyo kadi bora ya mradi mzima. Alihangaika na wenzake wa Dar es Salaam mpaka wakaikubali, maana mahali pa namba walikuwa hawajaweka nafasi ya orodha ya majina.

Lakini siku ile, nilipomaliza kuandika, Mama Nyangi aliweka kidole kwenye pembe ya chini ya kadi, palipobaki patupu.

"Na hapa?"

"Hapo hakuna kitu, Mama."

"Andika jina la aliyesema. Usiandike Nyangi tu. Andika, nyumba ya Nyangi."

Niliandika kwa mwandiko wangu bora kabisa. Alinishika mkono nisiutoe haraka, akayatazama maneno ambayo hakuweza kuyasoma.

Mwaka uliofuata nilipelekwa Dar es Salaam, nikaingia kwenye kile chumba cha baridi. Niliiona mashine, kioo cheusi na herufi za kijani. Nilikalishwa nyuma ya kijana mmoja mpole aliyekuwa anaandika kadi zetu moja moja. Alipofika kwenye ile ya majina, akaandika swali, akaandika njia, akaigeuza kadi upande wa pili kuhakikisha hakuna kilichobaki, akaiweka kwenye kikapu.

"Na hiyo ya pembeni?" nikamwuliza.

Alikuwa na heshima, alirudi akaisoma. "Ah. Hiyo mashine haina pa kuiweka, kaka."

Nikamwomba atafute. Akatafuta kweli, akafungua kitabu kinene, akahesabu nafasi zote zilizoruhusiwa, mimi nikiwa nimesimama nyuma yake natetemeka na ile baridi. Pa kuweka nyumba ya Nyangi hapakuwepo.